Chai ya Baba haikuwa ya vifuko

Leicester, Jumapili usiku

Dada Salma,

Shikamoo. Mie mzima, Zuwena mzima, baridi imeanza lakini hilo lisikushughulishe. Mama mwambie dawa ya mguu nimeipata, Mkasi ataibeba akija.

Picha za hitma ya mwaka nimeziona. Ile ya barazani nimeikuza mpaka ikawa madoadoa. Watu wamekaa mkekani, boflo zimekatwa, haluwa ipo, na kila kikombe kinaning'inia kamba! Nikajiuliza kamba za nini, kumbe ni vile vifuko vya chai nilivyompa Mkasi wakati wa Idi. Hitma ya Baba, hapo Wete, na watu mnawapa chai ya vifuko?

Najua ni Khamis. Atakuwa kasema "chai ya Uingereza hiyo, kunyweni." Mwambie chai nyingi wanayokunywa hawa inatoka Kenya, na ya Kenya inanadiwa Mombasa, ng'ambo hapo tu. Ikapanda meli ikaja huku, nikainunua kwa pesa yangu, nikaitia begini, ikashuka Mkoani na kupanda gari mpaka kwenu. Ingevuka kwa jahazi toka mwanzo ingewafikia mbichi zaidi. Kwenye sauti aliyonitumia ananijibu eti chai ni chai.

Chai ni chai! Wewe ndiye uliyekuwa ukitumwa alfajiri kukata mchaichai, ukirudi na vidole vimechanika. Baba anayafunga majani fundo, anayatumbukiza birikani, iliki anaiponda kwa kitako cha kikombe, sukari vijiko vinne. Msimu wa karafuu anatia mbili, hazidishi, ya tatu ni dawa ya jino. Kisha kisahani, anapuliza, anavuta kwa sauti hata anayepita njiani akajua mzee yuko kwenye chai. Maziwa alikuwa akisema ni ya ndama.

Mie hapa, dada, nimekuwa bingwa wa chai. Nakwambia bila kujisifu, au najisifu kidogo. Kwenye nyumba ya kulelea wazee ninakofanya kazi, wazee 22 wako chini yangu. Jikoni kuna karatasi ukutani, kila mmoja na namna yake, na mie siitazami tena. Mkubwa wetu wa kazi kasema mbele ya wenzangu wote kwamba mgeni akiajiriwa aje asimame nami siku mbili ajifunze. Chumba cha 3 ni maziwa kwanza, chai juu yake. Cha 9 ni maziwa mwisho, na ukikosea anakujua kwa rangi tu. Bibi wa cha 14 hamjui tena mwanawe, anamwita daktari, lakini mpe yenye sukari uone anavyoisukuma. Yupo mmoja koo halimezi sawa, tunamtilia unga chai inakuwa nzito kama uji, namlisha kwa kijiko, na bado anataka iwe rangi ya tofali.

Hawa watu mpaka kipimo wamekiandika. Mtoto wa yule wa cha 9 alinionesha: tangu 1980 upo waraka wa viwango vya kimataifa, gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji ya moto, uache dakika 6. Ni wa waonja chai wa viwandani, si wa nyumbani, lakini nilicheka. Dakika 6 Baba keshafika kisahani cha pili.

Basi nawajua wageni 22, kila mtu na chai yake, na baba yangu kafanyiwa hitma kwa kamba. Ningekuwepo ningekata mwenyewe. Likizo haikukubali, tusirudi huko.

Mchaichai hapa upo dukani. Wanauza vishina vitupu, majani wameyakata wameyatupa! Nilichemsha, Zuwena akaninusia kikombe akaniuliza kwa nini kinanuka sabuni. Nikanywa peke yangu, kwenye kisahani, nikavuta kwa sauti. Akanicheka.

Sasa la pili, ndilo lililonifanya niandike. Sharifa kaniambia Khamis kang'oa lile shina la mchaichai la kando ya kisima apate pahala pa kujenga banda lake. Kweli? Lile alilolipanda Baba mwaka aliozaliwa Khamis mwenyewe? Hapo ndipo nikaelewa kamba zimetoka wapi. Mlitaka kukata, hamkuwa na cha kukata.

Pesa ya friji nitatuma mwisho wa mwezi, nimekwishasema na sirudi nyuma. Ila kwanza aende kwa Ami, Mtambwe, akaombe chipukizi, alirudishe pale pale, banda lisogee. Halafu anipigie picha. Na asinipigie shina la jirani, la kwetu lazima lionekane jiwe la Baba la kunolea panga. Mwambie hivyo hivyo, usinipunguzie ukali.

Wewe dada sikulaumu. Hukuwa na namna, watu wameshakaa.

Ila niambie kitu kimoja. Kwenye ile picha ya ndani, ya wanawake, kikombe cha Mama hakina kamba. Kakishika kwa mikono miwili. Alikunywa nini?

Mdogo wako,
Raya