Malalamiko kuhusu wahudumu kukatazwa kupokea oda kwa mdomo

Kwa Meneja Mkuu wa Mkahawa,
Shangani, Mji Mkongwe,
Unguja.

Assalaam alaykum,

Ninaandika kwa niaba ya kikundi cha wasomaji ambacho kwa muda mrefu kimekuwa kikikutana mkahawani kwenu baada ya sala ya Isha kuzungumzia maandishi yaliyowahi kupigwa marufuku. Tulipapenda kwa sababu wahudumu wenu walikuwa watu wa kuzungumza nao: ukiuliza samaki wa leo ni changu au jodari unajibiwa, na ukitaka pilipili ipunguzwe inapunguzwa. Tangu mlipoziondoa menyu za karatasi na kubandika msimbo wa QR juu ya kila meza, hayo yamekwisha.

Jumamosi iliyopita tulikaa meza ya karibu na ngazi, ambako taa ni hafifu na kibandiko cha msimbo kimeingia maji hadi pembe yake imebanduka. Aliyefanikiwa kuuskani alitakiwa kwanza aandike namba ya simu na barua pepe, ndipo akafunguliwa orodha ya vyakula iliyoandikwa kwa Kiingereza kitupu, isiyo na mahali pa kuuliza lolote. Miongoni mwetu yumo bibi mwenye kisukari, ambaye simu yake ni ya vitufe. Alimwita kijana aliyesimama jirani na kumuuliza kama juisi ya ukwaju imeshatiwa sukari. Kijana akainamisha macho, akasema, "Samahani sana bibi, tumekatazwa kupokea oda wala maswali kwa mdomo, kila kitu kimo kwenye simu." Alikuwa akiona haya, nami simlaumu hata kidogo, ninamlaumu aliyeitoa amri hiyo.

Usiku ule tulikuwa tukisoma mashairi ya Abdilatif Abdalla, ambaye serikali ya Kenya ilimfunga kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijitabu alichoandika kuihoji, na ambaye aliyatunga mashairi hayo gerezani, kwa siri, kwenye karatasi za chooni, mpaka yakaja kuchapishwa mwaka 1973. Dhiki ya mfungwa hailingani kabisa na usumbufu wa mteja, na sitaki nieleweke hivyo. Lakini watu waliotoka kusoma habari za mtu aliyekataa kunyamazishwa hawawezi kumwona kijana wao amezuiwa kumjibu bibi, kisha wakaendelea kuagiza kama kwamba hakuna lililotokea. Tulikataa kuutumia msimbo, tukaomba oda yetu iandikwe kwenye kipande cha karatasi. Msimamizi hakukubali, nasi tukaondoka bila kula.

Msimamizi huyo alitueleza kuwa dunia nzima sasa inakwenda hivyo. Msimbo wa QR ulibuniwa Japani mwaka 1994, katika kampuni ya Denso, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, na kwa kazi hiyo ni chombo kizuri sana. Wateja wanaopenda kuagiza kwa simu nao waachiwe waagize. Hatuna ugomvi nao. Tunachokipinga ni kulazimishwa.

Tunaomba menyu ya karatasi irudishwe, iwe na Kiswahili, na amri ya kuwafunga wahudumu midomo ifutwe. Vilevile, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi maalumu na halali, tunaomba mtueleze namba na barua pepe za wenzetu zinatumika kwa kazi gani, na mzifute. Zaidi ya yote, tunakusihini kijana yule asichukuliwe hatua yoyote kwa sababu ya barua hii.

Tunasubiri jibu lenu kwa maandishi, na mpaka litakapofika tutakuwa tukikutana kwengine.

Wasalaam,
Katibu wa kikundi cha wasomaji,
Malindi, Unguja.