Barua kwa mwanangu anayekwenda Naivasha

Mwanangu,

Hatujambo huku. Nimeisoma ratiba ya ziara uliyonitumia, nikairudia mara tatu. Siku ya kwanza vivungulio, yale mabanda ya plastiki ya kukuzia waridi, sawa. Siku ya pili, saa tano asubuhi, mashamba ya wazi. Hapo ndipo usingizi uliponiruka, maana huko kuna nyuki, na mwili wako haustahimili sumu yao.

Dawa uivae mwilini. Si kwenye begi, si kwa mhadhiri, si ndani ya basi. Kalamu zote mbili za sindano ya adrenalini alizoleta shangazi yako kutoka Muscat zikae kwenye mkoba wa kiunoni, na mkoba usiuvue hata ukienda msalani. Basi likiegeshwa juani ndani huwa tanuri, na adrenalini inataka kukaa kati ya nyuzi 15 na 25. Friji nayo haifai. Kabla ya kuondoka, chungulia kidirisha cha kalamu: maji yakiwa yamegeuka rangi au yana chembe, niambie siku hiyo hiyo. Ile ya zamani muda wake uliisha Machi. Niliuona, bei ya mpya ikanifunga mdomo. Hiyo ya zamani ichome kwenye chungwa mbele ya wenzako wawili utakaotembea nao, wajue inavyofanya kazi, kisha ipeleke duka la dawa wakaiharibu.

Vivungulio havinitishi sana. Waridi la kuuza nje hukatwa likingali tumba, nyuki hana chavua ya kufuata. Angalia maji. Nyuki hunywa kama sisi, na bomba la matone linalovuja au tope chini ya mfereji huwakusanya wakati wa jua. Angalia pia jalala nyuma ya banda la kufungashia, wanakotupa maua yaliyokwisha kufunguka. Ukipita huko usisimame kupiga picha.

Mashamba ya wazi ni jambo jingine. Alizeti na yale maua madogo ya kujazia shada huwa yamejaa nyuki jua likishapanda. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, alfajiri ni baridi, na chini ya nyuzi 13 hivi nyuki hawatoki sana mzingani. Mwombe mhadhiri ageuze: mashamba saa moja asubuhi, vivungulio baadaye. Najua utaona haya. Wewe ni wa kwanza kwenye mtihani na wa mwisho kuomba maji ya kunywa. Hili liombe. Tena uliza kama shamba lina zahanati, kama zahanati ina adrenalini, na hospitali ya karibu ni ipi. Dereva asiende kula mbali na basi.

Vaa nguo nyeupe au za rangi hafifu, mikono mirefu, suruali uichomeke ndani ya soksi, viatu vya kufunika. Lile sweta jeusi la sufu ni la usiku. Nyuki huchokozwa na kitu cheusi chenye manyoya. Usipake marashi, usivae asumini kichwani, na mafuta ya nywele yawe yasiyonukia. Soda ya kopo usinywe shambani, nyuki huingia usimwone, na akikuuma kooni uvimbe unaziba njia ya pumzi. Chupa ya kuona ndani, yenye kifuniko.

Akikuuma, ng'oa mwiba papo hapo, kwa ukucha, kwa vidole, kwa chochote. Usitafute kisu. Kifuko cha sumu huendelea kusukuma, kila sekunde ina uzito. Kisha ondoka mahali hapo, maana mwiba huacha harufu kama ya ndizi mbivu inayowaita wengine. Wakija wengi, jifunike uso kwa leso ukimbie moja kwa moja hadi kwenye basi au nyumba, ufunge mlango hata kama wachache wameingia nawe. Usiwapunge mikono, wala usijitose ziwani: watakungoja juu ya maji.

Halafu sindano. Ukihisi dalili yoyote mbali na pale ulipoumwa, yaani viganja kuwasha, koo kubana, sauti kukwaruza, tumbo kukata, kizunguzungu, choma. Usingoje vipele, huenda visitoke kabisa. Mimi ndiye niliyekuzoesha kumeza Piriton na kusubiri. Piriton hutuliza muwasho tu, haifungui koo wala haipandishi presha. Shika kalamu ngumi nzima, kidole gumba kisiguse ncha, maana wapo waliojichoma dole kwa kuishika kichwa chini. Vua kifuniko cha bluu, ncha ya rangi ya machungwa isukume kwenye paja, upande wa nje, katikati, hata juu ya suruali. Hesabu hadi tatu.

Ukimaliza, lala chali, miguu juu ya begi. Ukishindwa kupumua, kaa ukinyoosha miguu. Usisimame, usitembee hadi kwenye gari hata ukijiona mzima, wakubebe. Kusimama ghafla humwaga damu miguuni na moyo ukakosa cha kusukuma. Dakika 5 zikipita bila nafuu, kalamu ya pili. Kwa hiyo ni mbili kiunoni, si moja umwachie rafiki. Na hospitali ni lazima hata ukipona, maana hali inaweza kurudi saa kadhaa baadaye. Wakitaka kukulaza hapo, lala.

Baba yako ameanza kuezeka jiko. Makuti ameletewa mabichi na hakusema kitu, unamjua. Nduguyo bado anadaiwa karo nusu. Mbuzi yule mweupe amezaa mapacha, mmoja dhaifu, nampa maziwa kwa chupa. Chupa yangu ya chai uliyoondoka nayo Desemba uirudishe.

Umefika mbali, na mhadhiri wenu amesema wewe ndiye utakayeandika ripoti ya kundi zima. Nimewaambia majirani wote. Lakini Jumatano asubuhi, kabla basi halijaondoka, nitumie picha ya mkoba ukiwa kiunoni, zipu wazi, nizione kalamu zote mbili.

Mamako