Anayechagua risasi siye anayekula nyama

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Wiki iliyopita gazeti lako lilitoa makala ya uwindaji wa kitalii Bara, na mwandishi akashauri kwamba asiyetaka kumpoteza mnyama achukue bunduki ya kaliba kubwa kadiri anavyoimudu. Makala ilisomwa kwa sauti barazani kwetu hapa Wete, wengi wakakubali. Mimi sikukubali. Nimefanya kazi miaka kumi na tisa katika vitalu vya uwindaji vya pori la Selous, kwanza mchunaji, kisha mfuata nyayo, na nyama niliyoiona ikipotea haikupotezwa na udogo wa bunduki. Ilipotezwa na risasi isiyofaa.

Nieleze kidogo, maana huku Pemba tuna paa na popo wa Ngezi tu, hatuna mnyama wa kupigwa kwa bunduki za namna hiyo. Risasi nzima ina ganda, fataki, baruti na kichwa kinachoruka. Kaliba ni unene wa kile kichwa, basi. Vichwa viwili vya unene mmoja na uzito mmoja vinaweza kufanya kazi tafauti kabisa vikishaingia mwilini. Kipo chenye koti jembamba la shaba na madini laini ya risasi ndani yake. Hicho hupasuka upesi. Kipo chenye ukuta wa shaba katikati, ili nusu ya mbele ikivunjika ya nyuma iendelee kuchimba. Mwindaji mmoja wa Marekani, John Nosler, alikibuni miaka ya 1940, baada ya risasi zake kupasukia juu juu kwenye mwili wa mnyama mkubwa huko Kanada. Kipo cha shaba tupu. Na kipo kigumu kisichofunguka, ambacho ni cha nyati na tembo. Ukimpiga nacho swala pala kinatoboa tundu dogo na kutokea upande wa pili, naye anakwenda mbali bila kuacha damu ya kufuata.

Agosti 1996 alikuja mgeni na .300 Magnum, bunduki ya baruti nyingi, ya kumtosha hata mnyama mkubwa kama pofu. Risasi zake zilikuwa laini, nyepesi, za greni 150 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi). Kongoni dume akasimama ubavu, hatua arobaini hivi. Watu hudhani karibu ndiko kuzuri. Kwa risasi laini, karibu ndiko kubaya, kwa sababu bado ina karibu kasi yake yote, zaidi ya mita 900 kwa sekunde, na ikikutana na mfupa wa bega inasambaratika pale pale.

Tulisikia ilivyogonga. Kongoni akayumba, akaondoka na kundi lake. Hatua mia mbili za mwanzo damu ilikuwa nyingi, lakini nyekundu ya kawaida, si ile ya mapafu yenye povu na rangi ya waridi. Mwenzangu, Mngindo wa Liwale, aliipangusa kwa kidole kwenye jani, akanitazama, hakusema kitu. Tulimfuata tangu saa mbili asubuhi mpaka Alasiri. Damu ikawa tone hapa na tone pale, kisha nyayo peke yake, na nyayo zikachanganyika na za wenzake. Asubuhi ya pili tumbusi ndio waliotuonyesha alipo. Fisi walikuwa wameshaanza nyuma. Jeraha la begani lilikuwa pana kama sahani, na kina chake hakikuzidi vidole vinne. Mapafu mazima. Nilipotia kidole nikatoa vipande vya koti, vyembamba kama magamba ya samaki.

Mgeni alipata pembe zake. Sisi tulirudi kambini mikono mitupu, na wanakijiji waliokuwa wakingojea fungu lao wakarudi vivyo hivyo.

Kwa Waislamu wa kambini ule ulikuwa mzoga. Masheikh wamezungumza mengi juu ya kiwindwa kilichokufa kwa risasi, na mimi sina elimu ya kuingia humo. Sisi tulishika yakini: kumwahi mnyama roho ingalimo, Bismillahi, na kisu. Wako wanaodhani kwa sababu hiyo tulipendelea risasi hafifu ili mnyama abaki hai. Ni kinyume chake, Mhariri. Risasi iliyopita mapafu yote mawili humwangusha kongoni ndani ya hatua mia, ukienda mbio unamkuta bado anahema. Risasi iliyopasukia begani humpa mateso ya siku nzima, mbali na kisu chako.

Jambo la pili ni zito zaidi kwangu sasa kuliko nilipokuwa kijana. Kiswahili kimeviita kwa jina moja kile kinachotoka kwenye bunduki na yale madini mazito ya kijivu. Wavuvi wetu wanayajua madini hayo. Ndiyo tunayoyayeyusha kwa chubwi za mishipi, na ukiyauma meno yanaacha alama. Ulaini huo ndio unaoyafanya yavunjikevunjike ndani ya nyama. Picha za eksirei zimeonyesha chembe zake mbali na tundu la risasi, mahali ambapo mchunaji haoni kitu wala kisu hakigusi kitu. Tunazila. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini haya mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaodhurika zaidi ni watoto, kwa kuwa huharibu ubongo unaokua. Nikikumbuka mafungu niliyokata kwa mikono yangu, ya shingo na mabega, yakapelekwa kwa wamama wenye watoto wadogo, nashindwa kukaa kimya. Matumbo tuliyoyaacha porini waliyala tumbusi, nao wanakufa kwa sumu hiyo hiyo. Jimbo la California huko Marekani limepiga marufuku risasi za madini haya kwa uwindaji wote tangu Julai 2019, na tumbusi wao wakubwa ni miongoni mwa sababu.

Dawa ipo, na niliiona mapema. Mgeni mwengine, mzee mpole, alikuja na .30-06, bunduki ya kaliba ile ile lakini ya baruti pungufu, ambayo yule wa kwanza angeiita ndogo. Risasi zake zilikuwa za shaba tupu, greni 165. Nilimuuliza mwindaji bingwa, yule anayewaongoza wageni, kwa nini si 180 kama wengine. Akanieleza kwamba shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha shaba cha uzito ule ule kinakuwa kirefu zaidi. Na kwa kuwa hakipotezi uzito njiani, hata 165 inafika. Nyumbu dume, hatua mia na ishirini. Mzee alifuata mstari wa mguu wa mbele, akapanda theluthi moja ya mwili, akatulia mpaka wa nyuma yake wakasogea, maana risasi ya namna hiyo yaweza kupita na kumjeruhi mwengine. Nyumbu alikwenda hatua sitini. Nilimchinja mwenyewe.

Risasi niliikuta chini ya ngozi ya upande wa pili. Niliisugua kwa mchanga nikaiweka kiganjani. Ncha yake ilikuwa imefunguka majani manne na kishina kimebaki kizima, sawasawa na karafuu iliyokauka vizuri jamvini. Nyama kuzunguka tundu ilikuwa safi, tukakata kipande kama kiganja tu.

Nimeyaandika haya kwa sababu mtoto wa ndugu yangu amepata kazi ya uchunaji kwenye kitalu kimoja kusini. Selous niliyoijua mimi sehemu kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tangu 2019 na humo hakuwindwi tena, lakini vitalu kwengine vipo. Aliniuliza, "Ami, mimi ni mchunaji tu, nitamwambia nini mgeni aliyekuja na bunduki yake?" Nikamwambia asimwambie kitu mgeni. Kila risasi atakayoitoa mwilini aioshe, jioni aiweke mezani mbele ya mwindaji bingwa, nzima au vipande. Kesho yake mwindaji bingwa atajua la kusema. Na ikiwa ni ya kupasuka, akate nyama shibiri mbili kuzunguka jeraha, aifukie, asimpe mtu wala mbwa.

Lakini kijana mmoja hawezi kuubeba mzigo huu. Wenye vitalu huwaandikia wageni kabla ya safari, wakiwatajia nguo, viatu na dawa za malaria. Mstari mmoja unatosha: njoo na risasi za shaba, na urekebishe shabaha ya bunduki yako kwa risasi hizo hizo kabla hujaja, kwani hazipigi mahali pale pale na zile za kawaida. Ni ghali zaidi, ndiyo, lakini mgeni huyo amelipa maelfu ya dola na atapiga risasi chache tu. Na mamlaka ya wanyamapori, inayoweka masharti ya kaliba, iweke pia sharti la aina ya risasi, kwa kuwa nyama inaliwa na watu wetu.

Ile ya shaba ninayo mpaka leo, ndani ya kopo la kahawa. Ukitaka kuipiga picha kwa ajili ya wasomaji, mwakilishi wako wa Pemba atanikuta barazani kila siku baada ya Alasiri.

Mfuata nyayo mstaafu,
Wete, Pemba