Dadangu, kubaleghe si tusi

Dadangu,

Nakuandikia hapa juu kwa simu huwa tunaishia kugombana. Jumapili tukiwa mezani ulisema mbele ya watu wote "huyu ashabaleghe, ndio maana siku hizi ni kichwa ngumu," watu wakacheka, kijana wako akabeba sahani yake akaenda kumalizia ugali jikoni. Mimi pia nilicheka, na hiyo ndio inanisumbua.

Hilo neno huku Nairobi tumelifanya jina la ugonjwa. Mtoto akijibu vibaya, amebaleghe. Akijifungia chumbani, amebaleghe. Na kwa Kiarabu lilikotoka ni kufika tu, basi. Labda ndio maana tunadhani ni kitu cha siku moja, jana mtoto leo mtu mzima, kumbe inachukua miaka, na ukisikia sauti inakwaruza ujue mwenzako alianza kitambo. Inaanzia kwa ubongo, kuna sehemu inaitwa haipothalamasi inaamsha tezi ndogo ya pituitari, hiyo nayo inaamsha korodani (kwa wasichana ni ovari) homoni zinaanza kutoka. Kwa mvulana dalili ya kwanza ni korodani kuongezeka, kawaida kati ya miaka 9 na 14, sasa hiyo mama utaionea wapi? Kuna daktari Mwingereza, James Tanner, aligawanya hayo mabadiliko kwa hatua 5 akiangalia mwili wenyewe, si siku ya kuzaliwa, kwa hivyo watoto wawili wa darasa moja mmoja anaweza kuwa hatua ya 2 mwingine ya 4 na hakuna mgonjwa hapo.

Kwa hivyo wacha kumpimisha na binti ya shangazi. Wasichana hutangulia kurefuka kama miaka 2 hivi, lazima awe amempita saa hii. Wako akifika zamu yake anaweza ongeza hata sentimita 9 kwa mwaka mmoja, utanunua suruali mpaka uchoke.

Na vile viatu vya shule vya Januari vilivyombana kufika Mei, ulimgombeza eti anavikanyaga vibaya. Dada, nyayo ndio hutangulia, halafu miguu yenyewe, kiwiliwili kinafuata nyuma!

Wewe ulipovunja ungo nyanya alikuita chumbani mkakaa mchana mzima, nakumbuka nikifukuzwa mlangoni. Mimi hakuna mtu aliniita. Sauti ilipoanza kupasuka nilidhani ni maji baridi ya mfereji nikakaa wiki nzima nikinywa chai ya tangawizi, na nikaacha kusoma kwa sauti darasani. Sitaki yeye apitie hivo. Mimi ndio mjomba wake, niachie hiyo stori.

Jumamosi nitampitia twende soko la Gikomba. Nitumie namba ya kiatu chake, ya leo, si ile ya Januari.