Babu alijenga, mjukuu napanga

Mhariri,

Babu yangu alikuwa kuli bandarini Dar es Salaam. Miaka ya 1970 alipata kiwanja Sinza, kwenye mradi wa viwanja vilivyopimwa, akajenga vyumba sita kidogo kidogo kila akipata mshahara. Alama ya kiganja chake bado ipo kwenye saruji ya kibaraza. Baba na ndugu zake waligawana vyumba hivyo. Mimi mwenye shahada na ajira nimepanga chumba na sebule Mbagala, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Benki ya Nyumba, iliyokuwa ikikopesha watu fedha za kujenga, ilifungwa mwaka 1995. Tunaiomba Serikali isimamie kodi ilipwe kwa mwezi, angalau tubakiwe na hela ya tofali.

Mpangaji,
Mbagala, Dar es Salaam