Vyambo vya nduaro: risasi ya betri hapana

Mhariri salamu,

Mliandika juzi kuwa vijana wa pwani wajitengenezee wenyewe vyambo vya kurambazia, yaani vya bandia vinavyovutwa nyuma ya boti, waache kununua vya ng'ambo, na hapo naungana nanyi kabisa, ila nilipofika pale mliposema kichwa cha chambo kitengenezwe kwa kuyeyusha jikoni risasi, ile metali nzito ya betri kuukuu, nikaweka kikombe chini. Jamani! Moshi ule ni sumu, na wanaoumia kwanza ni watoto, halafu sufuria hiyo hiyo kesho inapikwa wali.

Na hata kwa uvuvi wenyewe haifai sana. Risasi ni nzito mara 11 kuliko maji, kichwa kikubwa cha risasi kinakaa chini tu, nguru anaweza kukila sawa, lakini nduaro na sulisuli, samaki wakubwa wa mdomo kama mkuki, wanataka kitu kinachopanda juu kinanyonya hewa halafu kinazama na mkia wa povu nyuma. Ndio maana viwanda vinatumia rezini, plastiki ngumu ya kumiminwa, ambayo imezidi maji kidogo tu. Sasa sisi tuna mpingo, nao ukiutia majini unazama polepole hivyo hivyo! Mimi huokota vipande wanavyotupa wachongaji wa Kikamba kule Changamwe, siku hizi vimeadimika maana wengi wamehamia mwarobaini, lakini kipande cha urefu wa kidole kinatosha. Usoni nakikata mshazari, napiga msasa, macho nabandika kwa gundi, tena kwanza pangusa na spiriti kwa sababu mpingo una mafuta gundi haishiki. Mwembe achana nao, unakunywa maji. Malapa ya ufukweni sawa kwa kolekole, nduaro akipiga na ule mdomo wake unabaki na kitambara.

Sketi yake, ule mkia wa nyuzi unaofuata kichwa, natumia nyuzi za gunia la nailoni nazichana na kitana, zinapauka haraka kwa jua lakini gunia ni la bure.

Pesa iweke kwenye ndoana na kwenye tundu la kichwani linalopitisha mshipi. Hili la tundu nimelilipia mwenyewe, mwaka juzi mkondo wa Pemba kaskazi imetulia nilikuwa na kichwa kizuri sana nilichokitoboa kwa drili nikapitisha mshipi hivyo hivyo bila kitu ndani, sulisuli akashika akaruka mara tatu, mara ya nne mshipi ukaja mwepesi. Kuvuta naona umekwaruzwa kama umetafunwa na panya pale pale kwenye ukingo wa tundu. Tangu hapo naweka kipande cha bomba la shaba la robo inchi kutoka kwa fundi friji, ncha zote mbili nazipanua kidogo na kuzilainisha mpaka pamba ikipita hainasi.

Hiyo ya risasi naomba muisahihishe toleo lijalo, kuna watu wanafuata mnachoandika.

Mvuvi, Shimoni