Barua ya wazi kwa Kamishna wa Tume ya Wanyamapori ya Pennsylvania: Mmemruhusu mjukuu wangu, niruhusuni na mimi

Mheshimiwa Kamishna,

Nakusalimu kwa heshima inayostahili cheo chako.

Barua mbili za kwanza aliniandikia binti yangu kwa Kiingereza, mimi nikitamka yeye akichapa. Sikupata jibu. Hii ya tatu naiandika mwenyewe kwa lugha yangu, tena naiweka hadharani, kwa sababu Waswahili tunaoingia msituni kila mwaka hapa Pennsylvania, kuanzia Erie hadi Lancaster, si haba, na sijawahi kusikia mtu akituuliza tunaionaje sheria ya pembe, ile inayokataza kumpiga dume wa kulungu mpaka pembe yake iwe na ncha tatu, kila moja inchi moja au zaidi. Binti yangu atakuletea tafsiri.

Nimevumilia misimu mingi. Yaliyonikuta Jumamosi ile baada ya Sikukuu ya Shukrani, siku ya kwanza ya bunduki, ndiyo yamenimaliza.

Tuliingia msituni gizani, mimi na mjukuu wangu wa miaka 14. Theluji itokayo Ziwa Erie ilikuwa imeanguka usiku kucha, ile nyepesi inayogandia kila kitu. Tukakaa chini ya misonobari kandokando ya shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, yeye kushoto, mimi kulia, hatua kama sita kati yetu, wote na rangi ya chungwa kichwani, kifuani na mgongoni kama sheria inavyotaka. Kulipopambazuka dume akatoka kwenye mabua, upande wangu. Akasimama, akageuza kichwa. Nikahesabu kwa darubini ya bunduki: moja, mbili, tatu, bila ile ya kwenye paji, ambayo kwetu haihesabiwi. Nikarudia kuhesabu. Tatu. Nikapiga. Akaenda hatua thelathini, akaanguka.

Nilipomfikia nilipiga magoti nikapangusa theluji kwenye pembe. Ile ncha ya tatu ilikuwa kinundu tu. Barafu iliyoigandia ndiyo iliyoirefusha. Nikaiwekea kidole gumba, maana pingili yangu ya juu ni inchi moja na ushee, nilishaipima zamani kwa ajili ya kazi hii hii. Kinundu kikaishia katikati ya ukucha.

Mjukuu wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaniuliza, "Babu, mimi ningempiga ingekuwa sawa?"

Nikamwambia ndiyo. Kwako wewe ingekuwa sawa kabisa.

Sikukimbia, Mheshimiwa. Nilimpasua mnyama kwa utaratibu, nikapiga simu, nikamkabidhi siku ile ile na fidia nikalipa. Bwana nyama aliyekuja alikuwa kijana mwenye adabu, aliniita "bwana" na akanisaidia kumburuta hadi barabarani. Sina neno naye. Lakini nyama ya familia yangu ya majira ya baridi ilipanda gari la watu wengine, na mimi nikarudi nyumbani na kisu kichafu na mtoto asiyesema kitu njia nzima.

Kwa wanaosoma barua hii na hawajui, nieleze kidogo. Kulungu wa huku si kama kulungu wa kwetu, ambaye pembe zake akiota ameota. Huyu ndiye yule ayala wa Zaburi, au tuseme jamaa yake. Pembe zake hudondoka kila majira ya baridi, na masika zinaanza kuchipua upya zikiwa zimefunikwa ngozi laini kama mahameli. Ukubwa wake unategemea umri na chakula. Dume wa mwaka mmoja na nusu aliyekulia pabaya anaweza kuwa na vijiti viwili tu, na mwenzake wa umri ule ule aliyeshiba mahindi akawa na matawi. Zamani hapa Pennsylvania ilitosha pembe moja iwe na ncha mbili, au iwe na urefu wa inchi tatu. Kuanzia 2002 ikaja sheria ya kuhesabu. Sehemu kubwa ya jimbo dume lazima awe na ncha tatu upande mmoja. Kwetu huku magharibi ni zaidi: ncha tatu bila kuhesabu ile ya kwenye paji. Na ncha haiitwi ncha mpaka ifike inchi moja.

Sitaki unisome kama mtu anayetukana sheria. Naijua ilikotoka. Gary Alt, mtaalamu aliyekuwa amejulikana kwa kazi yake ya dubu, alipopewa mambo ya kulungu mwaka 1999 alizunguka jimbo zima akiwaeleza wawindaji kwamba tunaua madume wote wakiwa watoto. Alikuwa na haki. Wakati ule, katika kila madume kumi waliouawa, wanane au zaidi walikuwa wa mwaka mmoja na nusu. Leo wengi wanaopigwa wamevuka miaka miwili. Kuna wazee wenzangu wanaomlaani hadi leo, na kuna vijana wanaosema bila yeye wasingewahi kuona pembe za kutundika ukutani. Mimi niko katikati. Msitu wenye madume wa kila umri ni msitu mzuri, nami nimefurahi kuwaona.

Lakini sheria hiyo hiyo mmeitoboa tundu, na mlifanya vizuri. Mtoto mwenye leseni ya vijana haimbani. Mtoto anayefundishwa kuwinda chini ya msimamizi haimbani. Mwenye kibali cha ulemavu haimbani, na mwanajeshi aliye kazini haimbani. Hao wote wanaruhusiwa ile hesabu ya zamani, ncha mbili au inchi tatu. Nimeisoma orodha hiyo mara nyingi nikitafuta neno moja, mzee, na halimo.

Nina miaka 68. Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, la kushoto linasubiri zamu. Najua kuna atakayesema: asiyeona ncha asishike bunduki. Ni neno la haki, nami nalijibu. Kulungu namwona. Namwona ni dume, naona kilicho nyuma yake, naona kama pana nyumba au mtu, na nikiwa na shaka hata kidogo bunduki inabaki mapajani. Mwaka jana niliwaacha madume watatu wakapita kwa sababu hiyo. Kumwona mnyama ni kazi moja. Kupima inchi moja ya mfupa kwa hatua sabini, kukipambazuka, kwenye theluji, ni kazi nyingine, na nimewaona vijana wenye macho makali wakiikosea.

Mtaniambia nipige jike. Ningefurahi. Leseni za majike zinatolewa kwa idadi kwa kila eneo, na mwaka huu nilipokwenda dukani za eneo letu zilikuwa zimekwisha. Nilikuwa kitandani na mgongo wiki zilipokuwa zikiuzwa. Hilo si kosa la mtu. Ila ukikosa jike na dume hesabu ikakushinda, msimu wako umekwisha.

Sasa kuna jambo moja sijaelewa, na nitakushukuru mno ukinieleza. Mwezi wa Oktoba mna siku tatu maalumu za kupiga majike kwa bunduki, kabla ya umati kuingia. Mnawapa nani? Vijana, walemavu, wanajeshi walio kazini, na wazee wa kuanzia miaka 65. Sisi tumo! Mwezi wa kumi mnajua kwamba mzee anahitaji kupewa nafasi. Ikifika Jumamosi ya Shukrani, orodha ni ile ile karibu yote, ila wazee tumeondolewa. Nani alitufuta? Nadhani hakuna aliyekaa akaamua tufutwe. Nadhani ilisahauliwa tu, mwaka ukapita, na mwingine. Kama ni hivyo, kurekebisha si kazi ngumu. Kama kuna sababu, naomba niambiwe.

Huenda ukajiuliza kwa nini babu mmoja apige kelele hivi kwa ajili ya kulungu. Baba yangu alikuwa mwindaji wa nyavu na mbwa huko Fizi, Kongo. Mimi niliingia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, mwaka ilipofunguliwa, 1996, na nikazeekea humo. Posho yetu ilikuwa unga wa mahindi, maharage, mafuta na chumvi. Kutoka kambini kwenda kuwinda hakuruhusiwi, na nyama tuliila kwa siku za kuhesabu katika mwaka. Nilipofika huku nikaambiwa kwamba mtu yeyote, hata mimi, nikisoma darasa la usalama na kununua leseni naingia msituni na nyama ni yangu, nilidhani mkalimani amekosea. Dume mdogo mmoja hunipa kilo ishirini hivi za nyama. Mke wangu huikausha nyingine kama alivyofundishwa na mama yake, nyingine tunawagawia wajane watatu wa kanisani kwetu. Mwaka huu wameniuliza. Nimewaambia bado.

Tena pembe siziwindii, Mheshimiwa. Sina hata moja ukutani. Mbwa wa jirani ndiye anayezitafuna.

Wiki moja baada ya mimi kulipa, mwenye shamba aliniita nione kitu nyuma ya ghala lake. Dume mdogo, ncha mbili, amepigwa vizuri begani, amelala pale pale alipoangukia na kunguru wameshamtoboa. Aliyempiga alifika, akahesabu, akaogopa, akaondoka. Nilisimama pale kwa muda mrefu. Mimi niliyesema kweli nimelipa na nyama nimenyang'anywa, yeye aliyekimbia yuko kwake, na kilo ishirini zimeoza. Ni wangapi kama huyo kila msimu, sijui kama kuna anayewahesabu.

Wala msiniambie kwamba sheria ya pembe haiguswi. Missouri waliiondoa katika kaunti zilizopata ule ugonjwa wa kulungu unaokula ubongo, kwa sababu madume wakubwa ndio wanaokutwa nao zaidi, na madume ndio wanaohama. Ugonjwa huo umeshaingia Pennsylvania tangu 2012. Mississippi waliweka sheria ya ncha nne mwaka 1995, na watafiti wao wenyewe wakaonyesha kwamba vijana wenye pembe nzuri ndio walioishia kuuawa na wenye pembe hafifu wakabaki kuzaa. Majimbo yanaangalia, yanapima, yanabadilisha. Mimi siombi hata mbadilishe. Naomba muongeze watu kwenye orodha mliyoiandika wenyewe.

Miaka miwili iliyopita, katika mkutano wa hadhara, nilisimama nikauliza swali hili hili, binti yangu akitafsiri. Mmoja wa wakubwa waliokaa mezani aliandika kitu kwenye karatasi, akaniambia, "Tutaliangalia." Watu walipiga makofi. Wazee wawili wa Kimarekani walinifuata mlangoni kunishika mkono, mmoja ana miaka 81 na amewinda msitu ule ule tangu utotoni. Yule wa 81 mwaka huu hakununua leseni. Aliniambia amechoka kuhesabu.

Kila Januari mnakaa kupanga misimu ijayo, na Aprili mnapitisha. Januari iko mlangoni. Mwenye leseni ya wazee aruhusiwe dume wa ncha mbili au inchi tatu, kama anavyoruhusiwa mjukuu wake. Ni hilo tu. Likizidi, basi muanzie miaka 70, nami nitasubiri miwili iliyobaki. Mkiona tutawamaliza madume, tupeni mmoja kwa miaka miwili. Lakini tuingizeni kwenye orodha.

Na kama jibu ni hapana, naomba hapana hiyo niipate kwa maandishi, niwasomee wenzangu. Mjukuu wangu amebakiza misimu miwili kabla naye hajaanza kuhesabu, na kila jioni ananiuliza kama umeshajibu.

Wako kwa heshima,

Mwindaji mwenye leseni ya wazee,
Erie, Pennsylvania